Gari Alilolikataa Mama

Wapo watu wanaojisifia ng'ombe, na wapo wanaojisifia watoto waliosoma hadi ng'ambo. Mimi najisifia chuma. Ni chuma kimoja kirefu cha mviringo, unene wake hauzidi kidole gumba, kimepindwa pembe mbili, nacho kinakaa chini ya gari mahali ambapo hakuna anayekiona ila fundi na kuku. Nilikifunga kwa mikono yangu miaka ya sabini, katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Mwatate. Mtu akiniuliza nimefanya nini katika maisha yangu, naanza na hicho chuma, kisha ndipo nafika kwa mengine. Mke wangu hununa akinisikia, maana yeye na watoto wanakuja nyuma ya chuma. Lakini hata yeye anajua kwa nini.

Gari lenyewe lilikuwa salun ya Kiingereza iliyoundwa miaka ya sitini, milango minne, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Siku hizi magari ya aina hiyo yanaitwa klasiki, na vijana hutoka Mombasa kuja kupigwa picha wakiliegemea langu. Wakati ule lilikuwa gari kuukuu tu. Meneja Mzungu wa shamba aliliacha aliporudi kwao, nami nikalinunua kwa sababu nilikuwa nimelitengeneza mara nyingi hata nikalijua kumshinda mwenyewe. Nilikuwa fundi wa mashine za kuchakata mkonge, mimi na mke wangu tukikaa Voi, na katika ukoo wetu wote wa kule juu, milimani kupita Wundanyi, hakuna aliyewahi kumiliki kitu chenye injini. Sitasema nilinyenyekea. Nilitembea nalo mjini Voi kwa mwendo wa arusi, mkono nje ya dirisha, hata nilipokuwa naenda kununua kiberiti.

Lakini nia yangu tangu mwanzo ilikuwa moja: mama yangu apande gari hilo. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alibaki peke yake kwenye boma letu kule juu, na maisha yake yote alikuwa amepanda na kushuka milima ile kwa miguu, mzigo mgongoni, akipeleka kabichi sokoni na kurudi na chumvi. Nilitaka watu wamwone akipelekwa nyumbani amekaa.

Safari ya kwanza niliwachukua Mwatate siku ya soko, yeye na shangazi yangu, dada wa baba. Wote wawili ni wanawake wenye miili yao, wakakaa nyuma kwenye kiti kirefu cha plastiki, vikapu miguuni. Kutoka Mwatate barabara inaanza kwa upole, kisha mlima unainuka ghafla na barabara inaanza kupinda. Mlima uko upande huu, bonde upande ule, na kona kali ikiisha vimebadilishana. Siku hizo ilikuwa changarawe tupu.

Sasa, gari lile lilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kushuka, lilishuka vizuri kama bibi arusi. Kupanda ndipo palikuwa na balaa. Kila kona kali mwili wa gari ulilala upande wa nje, tairi zikalia, na aliyekaa nyuma akahisi ardhi imemwacha. Kona ya kwanza shangazi alimwangukia mama. Kona ya pili mama alimwangukia shangazi. Ya tatu mama alipiga kelele nisimamishe gari, na sauti ya mama yangu ikiamua jambo, breki hujikanyaga zenyewe.

Alishuka. Akavua viatu akavishika mkononi.

"Mama, rudi ndani," nikamwambia. "Tumebakiza kidogo tu."

"Kidogo hicho nitakitembea."

Akashika njia ya mkato inayopanda moja kwa moja katikati ya migomba, na shangazi, kwa kumwonea aibu wifi yake, akamfuata. Nikapanda peke yangu na vikapu viwili vya watu. Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wametoka kulipokea gari. Walilisifu, wakaligusagusa taa, wakauliza mama yuko wapi. Kabla sijajibu akatokea kwa nyuma ya nyumba, viatu mkononi, jasho linamtoka, akapita katikati ya watu akaingia jikoni kuinjika chai.

Kama hukuzaliwa kwetu huenda usione ubaya wa jambo hilo. Kule milimani mtoto akifika na gari na mama yake akafika kwa miguu, watu hawafikirii kona. Wanafikiria ugomvi. Kabla ya Jumapili kuisha habari ilikuwa imefika Wundanyi, na kabla ya mwisho wa mwezi ilinifikia hata Voi, kwa mdomo wa mwuza ndizi: kwamba nimemkosea mama yangu kosa kubwa hata hawezi kukaa kwenye kiti changu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilikuwa nimenunua gari ili kumheshimu mama, na sasa gari hilohilo ndilo lililokuwa likinitangaza kuwa mtoto mwenye laana.

Shangazi ndiye aliyeamua kutupatanisha, ingawa alikuwepo siku ile na aliona kila kitu. Alisema huenda kulikuwa na neno ndani ya neno. Zamani kwetu mzazi akiwa na kinyongo aliambiwa achukue maji mdomoni ayapulize nje, aseme kinyongo kimetoka, kwa sababu kinyongo cha mzazi kikikaa moyoni humdhuru mtoto hata kama mzazi mwenyewe hataki. Sisi ni watu wa kanisa. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kutupa dawa ya zamani kwa sababu amepata mpya. Nilipokwenda nyumbani safari nyingine akatuweka uani, mimi huku, mama kule, akampa mama kikombe cha maji.

"Sina neno na mwanangu," mama akasema. "Neno langu liko na hilo gari."

"Basi toa hilo hilo," shangazi akamwambia.

Mama akajaza maji mdomoni, akalisogelea gari langu taratibu, akalipulizia kwenye tairi la nyuma. Akajifuta midomo kwa leso.

"Haya. Kinyongo kimetoka. Lakini kupanda, sipandi."

Mwaka huohuo mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi akapewa jina la marehemu baba. Mama akashuka Voi kwa basi kuja kumlea mzazi. Kwenye basi alikuwa na mtindo wake: alikaa kiti cha ndani, mbali na dirisha, akajifunika macho kwa leso mpaka Mwatate. Tangu siku aliyompokea mtoto yule mikononi, hakumwita mjukuu. Alimwita "mume wangu". Mume wangu amelala. Mume wangu amenikojolea. Ukisikia kutoka chumba cha pili ungedhani baba amefufuka na tabia mbaya.

Desemba ilipokaribia tukaanza kupanga safari ya Krismasi, mtoto apelekwe nyumbani akaonekane. Krismasi ndiyo siku ambayo milima yetu yote hujaa: wa Mombasa wanarudi, wa Nairobi wanarudi, na kila mmoja anatazamwa amerudi na nini. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi na mume wangu tutapanda basi. Nyinyi wawili mje na gari lenu, tutakutana nyumbani."

Yaani mwanangu wa kwanza, mwenye jina la baba yangu, afike kwa basi, na gari la baba yake lifike likiwa tupu. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari. Nikaapa kwamba kabla ya Krismasi nitaliponya, au nitaliuza kwa mtu wa tambarare asiye na kona wala mama.

Dawa niliijua. Kila Pasaka magari ya mashindano yalikuwa yakipita kwetu na vumbi lao, na safari moja niliwahi kulala chini ya mojawapo huku mafundi wake wakinywa soda. Nikaona kule nyuma chuma ambacho langu halikuwa nacho. Mafundi hukiita stabilaiza. Kinatoka gurudumu la kushoto kinavuka hadi la kulia, na kazi yake ni kuunganisha pande mbili: upande mmoja ukitaka kulala, chuma kinajipinda, kinaukataza. Gari langu lilitoka kiwandani na kimoja mbele. Nyuma waliliacha hivihivi, nadhani kwa sababu huko Uingereza hawana Wundanyi.

Nikaenda Mombasa, kwenye duka la spea la Mhindi mmoja mzee aliyekuwa akiuza vitu vya magari ya mbio. Akakitoa chuma kwenye rafu ya juu, kimefungwa gazeti, akanitazama viatu vyangu.

"Wewe nashindana?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mama yangu."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akaniongezea bushi, zile pete za mpira za kukishikilia chuma, bila kuombwa.

Tulikifunga Jumamosi mchana, mimi na mwenzangu wa karakana, Mkamba aliyezaliwa Voi, mchomeleaji mwenye mkono mzuri na mdomo mbaya. Tulilisukuma gari juu ya shimo, nikaingia chini. Nilidhani ni kazi ya kufunga bolti nne na kunawa mikono. Kumbe meneja yule, alipokuwa akilitumia gari kubebea mizigo, alikuwa ameongeza bapa moja la chuma kwenye springi za nyuma, nalo gari likainuka. Vile vikono vinavyoshika ncha za chuma havikufika, na katikati chuma kiligusa bomba la moshi. Mwenzangu akasema turudishe Mombasa. Nikamwambia chuma kilichopanda treni na mimi hakirudi.

Nikatengeneza vikono vipya, virefu zaidi, kwa chuma cha mashine ya mkonge kilichokwisha kazi, yeye akavichomelea macho ya kupitishia bolti. Uchomeleaji wake siku ile ulikuwa safi, mstari mmoja umetulia, na nilimwambia, ingawa nilijua atanitangazia mwaka mzima kwamba nimemsifu. Bomba la moshi tulilipasha moto tukalipinda likakaa mbali. Bushi nilizipaka sabuni ya maji ili ziingie. Wengi hupaka grisi, na grisi hula mpira, halafu baada ya muda gari linagonga na wanalaumu duka.

Kisha tukafika mahali ambapo fundi na mfungaji nati huachana njia. Mwenzangu alitaka kukaza kila kitu gari likiwa limeinuliwa kwa jeki, magurudumu yananing'inia. Nikamkatalia. Ukikaza hivyo bushi zinashikwa katika hali ya kunyongwa, na gari likishushwa chuma kinakuwa na kinyongo tangu siku ya kwanza. Nikafunga nati kwa mkono tu, nikalishusha gari likae kwa uzito wake, tukapakia magunia nyuma, nikarudi shimoni na kukaza hapo, pande mbili kwa zamu, mpaka spana ikaniambia inatosha. Nilipotoka nilikuwa mwekundu kwa udongo na mweusi kwa mafuta, na nilifurahi kiasi kwamba nililizunguka gari mara kadhaa bila sababu.

Tukalijaribu sisi wawili kwenye kona za kule chini. Lilikata kona limesimama wima. Mwenzangu, ambaye hakusifu kitu isipokuwa nyama choma, alisema, "Fundi, hii imeshika."

Jumamosi iliyofuata nikataka kulijaribu mlimani, na watu ndani. Wafanyakazi watatu wa shamba walikuwa wakienda kwao Wundanyi, watu wetu wa milimani, nikawapakia nyuma bure. Mwenzangu akakaa mbele na mimi. Tukapita Mwatate, tukaanza kupanda, nami nikiimba. Kona ya kwanza kali, gari likalala. Si kama zamani, lakini likalala. Ya pili, vivyo hivyo. Nikaacha kuimba. Ya tatu nikasimamisha gari kando ya barabara, nikajitupa chini yake na shati langu la Jumamosi, nikatafuta wapi kumelegea. Hakuna kilicholegea. Nikatoka nikamgeuzia mwenzangu hasira zote. Nikamwambia vikono alivyochomelea vimejipinda, na kwamba mtu wa tambarare hawezi kujua uzito wa mlima.

Akarudi kwenye kiti chake. Kisha akasema, "Endesha. Mimi nitageuka nitazame nyuma."

Nikaendesha. Akapiga magoti kwenye kiti chake, ametazama nyuma juu ya egemeo, akidhani pengine atasikia kitu kikigonga upande wa magurudumu. Kona ikaja, gari likalala, na yeye akaanza kucheka. Kona nyingine, akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye paa.

"Nyinyi watu," akawaambia wale watatu, "mbona mnahamahama?"

"Nani anahama?" wakauliza, na waliuliza kwa dhati.

Nikashusha kioo cha kutazamia nyuma mpaka kikaonyesha kiti kizima. Ikaja kona. Na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimeishi nacho tangu kuzaliwa bila kukiona. Mtu wa kwetu hakai upande wa bonde. Akiwa na nafasi, anakaa upande wa mlima, ili gari likianguka aanguke juu ya wenzake. Hakuna anayekufundisha, unanyonya na maziwa ya mama. Na ukipanda mlima ule, kona inapopinda kulia, mlima uliokuwa kuliani unahamia kushoto. Basi watu wangu watatu, bila kuacha mazungumzo yao, waliteleza wote kwenye kile kiti cha plastiki kutoka kulia kwenda kushoto kuufuata mlima. Na kushoto ndiko gari lilikokuwa linalala wakati huohuo. Chuma kilikuwa kinafanya kazi yake, na wanaume watatu wa Taita walikuwa wanaivunja.

Ndiyo maana kushuka halikuwa na shida. Ukishuka mlima unahama kinyume, watu wakiufuata wanakwenda upande wa ndani wa kona na kulisaidia gari kusimama. Nililipata jibu hilo papo hapo, usukani mkononi, na nilijiona nina akili kuliko wote waliowahi kupanda barabara ile. Nikasimama, nikawaamuru wale watatu kila mtu akae mahali pake asihame hata akiona mauti. Walishikana mikono kwa woga. Tukakata kona zote zilizobaki, na gari halikulala. Lilikaa juu ya barabara limetulia kabisa. Nikapiga honi mpaka Wundanyi, na nikamwomba mwenzangu radhi kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo pia alilitangaza mwaka mzima.

Lakini usiku sikuwa na raha. Wafanyakazi watatu unaweza kuwaamuru. Mama yako utamwamuruje? Nilimwambia mke wangu kwamba tunaweza kuweka gunia la mchele huku na gunia huku, mama katikati, asipate nafasi ya kuteleza.

"Baba Watoto," akaniambia, "mama si chupa ya mafuta. Mwambie ukweli."

Basi kesho yake, chai ikiwa mezani, nikachukua kiberiti kikawa gari, na sufuria iliyofunikwa ikawa mlima. Nikampitisha mama kona baada ya kona. Nikamwonyesha mlima unavyohama, watu wanavyoufuata, gari linavyolala. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Alifuatilia kiberiti kwa macho, kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nalitikisa gari lako?"

Nikisema ndiyo, nimemkosea adabu. Nikisema la, nimemdanganya.

"Ni sisi sote, mama. Na chuma kilikuwa bado hakijafungwa."

Akakitazama kiberiti tena. "Sasa nikae tu, na bonde liko pale, dirishani."

"Ndiyo, mama."

"Na unasema halitaanguka."

"Nimekifunga mimi."

Akainuka akaenda kumbadilisha mume wake nepi. Siku za basi zikapita, hakuulizia nauli, nami sikuthubutu kumwuliza chochote. Mkesha wa Krismasi asubuhi, tulipokuwa tunapakia, alitoka nyumbani amevaa gauni lake la kanisani, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya gari. Nikafungua mlango wa nyuma. Akamfungua mtoto mgongoni, akaingia.

Tulikwenda mpaka Mwatate, mke wangu mbele na mimi, mama nyuma na mtoto, kiti kizima ni chao. Mlima ulipoanza kupinda alikuwa amekaa upande wa kulia, upande wa mlima, bila shaka. Kona kali ikaja. Nikageuza usukani, na mimi, ambaye nimewakaripia madereva wengi, nikatazama kioo badala ya barabara. Mlima ukahamia kushoto. Bonde likaja kwenye dirisha la mama. Alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umemkumbatia mtoto, mwingine umeshika ukingo wa kiti hata vidole vimepauka. Midomo inasali. Lakini hakuhama. Mwanamke aliyeogopa bonde lile tangu utoto wake alikaa upande wa bonde kwa sababu mwanawe alimwambia amekifunga chuma. Gari lilipita kona ile kama liko juu ya meza. Nimewahi kusifiwa na mameneja, nimewahi kupewa saa ya mkononi kwa utumishi mrefu, na hakuna siku niliyojisikia mtu kuliko siku ile.

Akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Akakisogeza kichwa karibu na kioo.

"Kumbe kunaonekana hivi," akasema.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwahi kuona. Alipopita barabara ile kwa gari alijifunika leso, na alipopita kwa miguu alikuwa ameinama chini ya mzigo. Akamwinua mtoto, akambandika usoni mwa kioo.

"Mume wangu, tazama. Ule ni mkonge. Na kule kwenye ukungu ndiko Voi, tumetoka huko sasa hivi. Na pale chini penye miti, unapaona? Pale ndipo ulipokuwa ukichunga mbuzi siku zile ulipokuwa ukinichumbia. Ulinidanganya ni wako wote."

Mke wangu aligeuza uso dirishani akajipangusa. Mimi nilipunguza mwendo, nikakata kona zilizobaki taratibu, na kila bonde liliporudi kwenye dirisha lake mama alikuwa na kitu cha kumwonyesha marehemu: shamba, kisima, nyumba ya mtu waliyegombana naye.

Tulipofika nyumbani uwanja ulikuwa umejaa. Wa Nairobi walikuwepo, wa Mombasa walikuwepo, majirani wametoka, na shangazi yuko mbele yao wote. Nilizima injini. Nilitaka kuruka nikamfungulie mama mlango, lakini shangazi alinitangulia, akaufungua mwenyewe, vigelegele vimeshaanza.

"Shuka, wifi yangu, shuka tukupokee!"

Mama alikuwa ameketi wima, mtoto mapajani, gauni amelinyoosha juu ya magoti. Akanyoosha mkono, akaushika mlango, akaufunga tena polepole, na kushusha kioo.

"Acha kwanza," akasema. "Wengine bado hawajaniona."